Watafiti wa Viwanda vya Silaha: Funzo la Ajira Kutoka Afrika Kusini

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya ajira ya wasomi. Mada hiyo ni pana mno, na mtu akiingia humo bila ramani atawachosha wasikilizaji wake kabla ya chakula. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya kuikata, nichukue kipande kimoja tu: ajira ya watafiti, yaani wale watu wanaolipwa ili wavumbue kitu ambacho jana hakikuwepo. Na katika kipande hicho nimechagua mfano mmoja, nao ni viwanda vya silaha vya Afrika Kusini.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kutazamana. Mimi si askari na si mhandisi. Ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka karibu ishirini kazi yangu imekuwa kushughulikia ikama: ofisi fulani inahitaji watu wangapi, wa elimu gani, na fedha zao zitatoka wapi. Sina siri ya nchi yoyote ya kuwapa. Nitakayoyasema yote yamo katika kumbukumbu za hadhara.

Nimechagua silaha kwa sababu huko ndiko serikali nyingi duniani huajiri watafiti kwa wingi na kwa haraka, bila kuuliza bei. Mahali ambapo fedha haikuwa kikwazo, mtu huona vizuri zaidi vikwazo vingine ni vipi. Na nimechagua Afrika Kusini kwa sababu mzunguko mzima, yaani kujenga, kupunguza na kutawanyika, umetokea huko katika umri wa mtu mmoja, tena jirani na sisi. Silaha hizo ziliwaua ndugu zetu wa Angola, Msumbiji na Namibia. Baadaye, kama nitakavyoeleza, silaha ya mafundi hao hao ilipigana upande mmoja na vijana wetu. Kwa hiyo hii si habari ya watu wa mbali.

Jinsi nguvu hiyo ilivyojengwa

Mwaka 1963 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliziomba nchi wanachama ziache kuiuzia silaha serikali ya makaburu. Lilikuwa ombi, na walioweza kulipuuza walilipuuza. Lakini Pretoria ilielewa upepo unavuma kutoka wapi. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 lilianzishwa shirika la kuunda ndege lililoitwa Atlas, na mwaka 1968 likaundwa shirika la serikali la kubuni na kutengeneza silaha, ambalo dunia ililijua kwa jina la Armscor. Tarehe 4 Novemba 1977 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 418, na safari hii vikwazo vikawa vya lazima kwa nchi zote.

Sasa tazameni jambo hili kwa jicho la mtu wa ikama. Atlas ilipoanza iliunda ndege kwa leseni ya Waitaliano, na baadaye ya Wafaransa. Kazi ya namna hiyo inataka mafundi: mchoro umeshachorwa, vipimo vipo, unatafuta mkono uliofunzwa. Vikwazo vilipokaza, vipuri vikawa haba, ikabidi ndege za zamani zifanyiwe marekebisho makubwa zifanye kazi ambazo hazikuundiwa. Hapo wanatakiwa wahandisi, watu wa kukokotoa na kubadili mchoro wa mwingine. Mwisho wakataka kuunda kitu ambacho hakuna atakayewauzia kwa bei yoyote. Hapo anatakiwa mtafiti. Kwa hiyo kila tundu la ununuzi lililozibwa nje lilifungua nafasi za utafiti ndani. Vikwazo vilikusudiwa kuudhoofisha utawala ule, na kwa mambo mengi viliudhoofisha kweli. Lakini katika jambo hili moja viliulazimisha uajiri akili.

Nisije nikaeleweka kwamba walifanya yote wenyewe. Mzinga wao mashuhuri, G5 wa milimita 155, ulitokana na kazi ya Gerald Bull, mtaalamu kutoka Kanada, ambaye Marekani ilimfunga jela mwaka 1980 kwa sababu ya biashara hiyo haramu. Katika kuzirekebisha ndege za Mirage wakasaidiwa na Waisraeli. Hata hivyo, ujuzi wa kununua hauingii nchini usipokuta watu wa kuupokea, na watu hao walikuwapo. Tangu mwaka 1945 nchi ile ilikuwa na CSIR, baraza lake la utafiti wa sayansi na viwanda, na vyuo vikuu vilivyokuwa vikitoa wahandisi kila mwaka.

Nitatoa mfano mmoja. Katika vita vya mpakani mwa Namibia na Angola, wapiganaji wa ukombozi walitega mabomu barabarani, na malori ya jeshi la makaburu yakawa yanapasuka. Watafiti wa CSIR wakalichunguza swali dogo sana: nguvu ya mlipuko inakwenda wapi? Wakaona kwamba tumbo la gari likiwa bapa linaupokea mlipuko wote, bali likichongwa kama tumbo la mtumbwi, lenye ncha chini, mlipuko hugawanyika ukapita pembeni. Kutokana na hilo likapatikana gari la Casspir. Miaka mingi baadaye, Marekani ilipokuwa ikipoteza askari wake kwa mabomu ya barabarani huko Iraki, iliyafuata mawazo hayo hayo, na mmoja wa wanasayansi wa Afrika Kusini walioianzisha kazi ile, Vernon Joynt, akawa mwanasayansi mkuu wa kampuni ya Kimarekani iliyoyaunda magari hayo. Mtalikumbuka jina hilo tutakapofika mbele.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya silaha vya nchi ile, vya serikali na vya watu binafsi, vilikuwa vimeajiri watu zaidi ya 100,000. Watafiti walikuwa sehemu ndogo ya hesabu hiyo, lakini ndio walioipa wengine kazi. Maabara zilitapakaa: makombora karibu na Pretoria, baruti na injini za roketi huko Somerset West, mambo ya majini huko Simon's Town, na uwanja wa majaribio huko Overberg, pwani ya kusini. Wakati huo huo, kwa siri kubwa, walikuwa wamekwisha kuunda mabomu sita ya nyuklia.

Wale ambao hawakuhesabiwa

Ndugu zangu, nikiishia hapo nitakuwa nimesifu. Iko hesabu nyingine.

Nchi ile mwaka 1990 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 30. Watafiti wa silaha walitafutwa ndani ya kundi la takriban milioni 5, yaani wazungu. Sheria ya elimu ya mwaka 1953 ilikuwa imemwekea mtoto Mwafrika mtaala wa kumwandaa kuwa mtumwa wa ofisi na shamba, na sheria ya mwaka 1959 ikamfungia milango ya vyuo vikuu vilivyokuwa na maabara. Mtoto mwenye kipaji cha hesabu alizaliwa Soweto, akafa Soweto, na hakuna aliyejua alikuwa nacho. Wengine walikimbia, na baadhi yao walifika kwetu, wakasoma katika shule ya wapigania uhuru pale Mazimbu, Morogoro. Kwa lugha ya ofisini kwangu, dola ile ilijaza ikama yake kwa kuchagua mmoja kati ya sita, na kisha ikalalamika kwamba wataalamu ni wachache.

Hesabu ya pili ni ya usiri. Mtafiti wa kawaida huandika alichokiona, wenzake wakakisoma, wakampinga. Mtafiti wa silaha haandiki; akikosea, kosa lake hubaki kabatini pamoja naye. Tangu mwaka 1981 ulikuwapo mradi wa sumu na vijidudu ulioongozwa na daktari wa moyo, Wouter Basson, nao uliwaajiri wanasayansi kupitia kampuni zilizoonekana kwa nje kuwa za kawaida. Mwaka 1998 baadhi yao walisimama mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, na umma ukasikia ni nini kilichokuwa kikifanyika katika maabara zile. Walikuwa watu wenye shahada nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa nje mwenye haki ya kuwauliza: kazi hii ni ya nini? Ajira ya utafiti isiyokuwa na muulizaji ni ajira ya hatari, hata kama mshahara wake unalipwa tarehe ile ile kila mwezi.

Kupungua

Tarehe 11 Februari 1990 yalitokea mambo mawili nchini humo. La kwanza kila mmoja wenu analijua: Mzee Nelson Mandela alitoka gerezani. La pili wachache wanalijua: siku hiyo hiyo helikopta ya mashambulizi iitwayo Rooivalk, iliyoanza kubuniwa mwaka 1984, iliruka kwa mara ya kwanza. Yaani kazi kubwa kuliko zote ya watafiti wale ilipaa angani siku ile ile ambapo sababu ya kuajiriwa kwao ilianza kufa.

Vita vya Angola na Namibia vilikuwa vimekwisha. Namibia ilipata uhuru wake Machi 1990. Bajeti ya ulinzi ikaanza kukatwa, na katika muda usiofika miaka kumi thamani yake halisi ikashuka kwa karibu nusu. Mabomu ya nyuklia yakafunguliwa na kuharibiwa, na tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk akalitangazia Bunge kwamba yalikuwapo na sasa hayapo. Mpango wa roketi za kurushia setilaiti ukafutwa pia. Mwaka 1992 viwanda vya Armscor vikatengwa na kufanywa kampuni ya serikali iitwayo Denel, yenye watumishi wapatao 15,000, ikaambiwa ijitegemee kibiashara. Katikati ya muongo huo ajira katika viwanda vyote vya silaha ilikuwa imepungua kwa karibu nusu.

Nani aliyelia? Sisi hatukulia. Kila bomu lililofunguliwa lilikuwa heri kwa majirani. Lakini mtu wa ikama anauliza swali lingine: wale watu walikwenda wapi?

Katika kazi yangu nimejifunza jambo moja ambalo halimo katika kanuni za utumishi. Ukitangaza kwamba anayetaka kuondoka kwa hiari atalipwa kiinua mgongo, wa kwanza kuinua mkono ni yule usiyetaka aondoke. Yeye anajua kwamba nje ataajiriwa kesho. Asiye na uhakika hubaki. Ndivyo ilivyokuwa huko. Wenye ujuzi wa redio na mawasiliano walikwenda kwenye kampuni za simu, ambazo miaka ile zilikuwa zikipanuka. Wenye hesabu walikwenda kwenye mabenki. Wengine walihamia ng'ambo. Na wapo walioachwa njiani wakiwa na hasira: baadhi ya waliokuwa watumishi wa mradi wa nyuklia walitishia kutoa siri wasipolipwa zaidi, ikabidi suala lao lipelekwe mahakamani. Dola iliyomfundisha mtu kutengeneza bomu haikuwa imefikiria atakula nini bomu likishafunguliwa.

Nusu kupona, na kuanguka mara ya pili

Mwaka 1999 serikali mpya ilinunua ndege, meli na nyambizi za kivita kutoka Ulaya kwa gharama ya takriban randi bilioni 30. Ahadi ilikuwa kwamba wauzaji watarudisha kazi nyumbani. Kazi zilikuja kiasi, lakini zilikuwa kazi za namna gani? Mara nyingi zilikuwa za kutengeneza vipande kwa mchoro wa mwenye ndege. Nadhani mnaona: nchi ilirudi ngazi ya kwanza, ile ya fundi. Mtafiti hakuitwa.

Rooivalk zilijengwa 12 tu. Uingereza, Malaysia na Uturuki waliitazama, lakini hakuna aliyeinunua, na jeshi la anga lilianza kuipokea rasmi kwa kazi ya vita mwaka 2011, miaka 27 tangu ianze kubuniwa. Sehemu nyingine za Denel zikapata wabia wa kigeni: mwaka 2008 Wajerumani wa Rheinmetall walichukua asilimia 51 ya viwanda vya risasi na baruti. Si kwamba hakukuwa na mafanikio. Kombora la Umkhonto lilinunuliwa na Finland kwa meli zake, na kombora lingine la ndege lilibuniwa kwa ushirikiano na Brazil.

Kisha ikaja Novemba 2013, mashariki ya Kongo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeunda kikosi maalumu cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kikiongozwa na jenerali wetu, kupambana na waasi wa M23. Rooivalk tatu zilikuwapo, na hapo ndipo zilipopigana kwa mara ya kwanza. Chombo kilichobuniwa ili kitumike dhidi ya nchi zilizo mstari wa mbele kiliwasaidia watoto wa nchi hizo hizo. Nasema haya kwa wale wanaodhani kwamba ujuzi una rangi au una itikadi. Ujuzi humfuata anayeutunza.

Lakini utunzaji huo haukudumu. Mwaka 2015 bodi mpya iliwasimamisha kazi viongozi watatu wa juu wa Denel, na taarifa ya Tume ya Jaji Zondo, iliyotolewa mwaka 2022, imeeleza kwa kirefu jinsi kampuni hiyo ilivyoingizwa katika mtego wa watu waliotaka kuiteka serikali kwa faida yao. Fedha zikaisha. Mwaka 2020 kampuni ilishindwa kulipa mishahara kamili, na mwezi Agosti mwaka huo Mahakama ya Kazi ikaiamuru ilipe. Mtafiti mwenye watoto shuleni hangoji hukumu. Wengi waliondoka, na safari hii nchi za Ghuba zilikuwa zimesimama mlangoni: Falme za Kiarabu na Saudia, ambazo zilikuwa zinajenga viwanda vyao vya silaha na zilihitaji watu waliokwisha kubuni makombora. Kampuni iliyoanza na watu wapatao 15,000 ilijikuta, mwanzoni mwa miaka ya 2020, haifikishi 3,000.

Na hapa ndipo penye uchungu zaidi. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Kiafrika, wale ambao baba zao walifungiwa milango, walikuwa wameanza kuingia katika maabara hizo. Walikuwa na shahada. Kilichokuwa kimebaki ni kukaa miaka kumi karibu na mzee anayejua kwa nini injini ya mwaka fulani ilipasuka, jambo ambalo halikuandikwa popote. Wakati wao ulipofika, mzee alikuwa amekwenda Abu Dhabi. Mlango ulifunguliwa, na nyumba ikawa tupu.

Ninayoyaona mimi

Ndugu Mwenyekiti, naomba niyaseme kwa ufupi mambo matatu ninayoyaona.

La kwanza, mtafiti hakai kwa mshahara peke yake. Hukaa kwa sababu iko kazi mbele yake isiyokwisha. Kupandisha mishahara pasipo mradi ni kama kumlipa mvuvi akae ufukoni: atapokea, na mikono yake itasahau kutupa nyavu.

La pili, utafiti hauhesabiwi kwa viti. Katika majedwali yetu, mtafiti aliyeondoka na mtafiti aliyeajiriwa jana huonekana sawa: nafasi moja, imejazwa. Kumbe kilichoondoka ni miaka ishirini ya watu waliozoea kufanya kazi pamoja, na kilichoingia ni cheti. Bajeti inaweza kukatwa kwa siku moja na kurudishwa kwa siku moja. Kundi la watu wanaojuana hukatwa kwa siku moja, na huchukua kizazi kurudi.

La tatu, na hili ndilo nililokuja kulisema, serikali inayompa mtu kazi ya utafiti wa vita haina budi, siku hiyo hiyo, ifikirie kazi yake ya pili. Vita vitakwisha, au fedha zitakwisha, kimojawapo hakika. Nchi ile inatuonyesha njia zote mbili. Njia ya kutofikiri mmeisikia. Lakini zipo sehemu walizofikiri. Wale wachunguzi wa mabomu ya ardhini walifanywa shirika liitwalo Mechem, na katika miaka ya 1990 shirika hilo lilikuwa Msumbiji chini ya Umoja wa Mataifa, likitegua mabomu na kusafisha barabara. Baadhi ya wahandisi wa silaha walikwenda jangwani, Rasi ya Kaskazini, wakasaidia kujenga MeerKAT, darubini ya redio yenye masahani 64 iliyozinduliwa Julai 2018, ambayo sasa inasikiliza nyota. Lakini hata njia njema huhitaji uvumilivu: mradi wa kinu kidogo cha umeme wa nyuklia, uliowapokea wataalamu wengi, ulisimamishwa mwaka 2010 baada ya kumeza takriban randi bilioni 9, na watu wake wakatawanyika kwa mara nyingine.

Najua yuko atakayenipinga, na nimewahi kupingwa hivyo mezani: kiwanda cha silaha kikifa si bora? Kwa nini tuwalilie wataalamu wa makaburu? Jibu langu ni kwamba siwalilii. Silaha ile ilistahili kufa. Lakini aliyejua kutengeneza bomu la barabarani ndiye huyo aliyejua kulitegua. Nchi ikimwacha aende bila mpango haiondoi silaha duniani. Inazihamishia kwa mnunuzi mwingine. Makombora hayakupungua kwa sababu wahandisi walihama Pretoria. Yalibadilisha anwani.

Na sisi je?

Sisi tuna Mzinga kule Morogoro, tuna Nyumbu pale Kibaha. Katika muda wa miaka mitatu tu, kati ya 1979 na 1981, taifa letu lilitunga sheria za kuanzisha TIRDO, TEMDO na CAMARTEC, ili viwanda na mashamba yetu yapate watafiti wao wenyewe. Waliofanya hivyo walikuwa viongozi wa nchi maskini, tena iliyotoka vitani na Idi Amin. Hawakungoja tutajirike kwanza.

Na kama mnataka kujua kwamba utafiti mkubwa hauhitaji kiwanda kikubwa, nendeni Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho ndicho kilichorithi majengo yale ya Mazimbu. Huko shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti ardhini. Panya hao waliofunzwa na vijana wetu walifanya kazi Msumbiji, nayo Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu. Panya hakanyagi kwa uzito wa kulipua. Mtu aliyelifikiria hilo kwanza ilibidi avumilie kuchekwa, na ilibidi apatikane wa kumlipa wakati akichekwa. Hiyo ndiyo maana ya ajira ya utafiti.

Kwa wenzangu tulio katika ofisi za umma, ombi langu ni moja. Nafasi ya mtafiti inapobaki wazi mwaka wa pili na wa tatu, tusiiandike katika taarifa kuwa fedha iliyookolewa. Tuiandike kama deni, maana watalipa watoto wetu. Na mtafiti mzee anapokaribia kustaafu, tumpe vijana wawili miaka mitano kabla ya kuondoka, na si barua ya shukrani wiki moja baadaye.

Kwa ninyi vijana mnaosoma hapa: wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Simu mliyoificha mfukoni hata sasa, na Mwalimu Mkuu anisamehe kwa kuitaja, imeundwa na mtu aliyekaa maabara miaka mingi bila jina lake kutajwa redioni. Ikiwa una akili ya kazi hiyo, usione haya kuichagua. Lakini siku utakapoitwa na mwajiri yeyote, wa ndani au wa nje, mwulize maswali mawili kabla ya kuuliza mshahara: kazi hii ni ya nini, na ikiisha nitafanya nini? Akikosa jibu la swali la kwanza, ondoka. Akikosa jibu la pili, mwambie mlitafute pamoja, na uliandike.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi amekwisha kuchungulia mlangoni mara mbili, na mimi najua nafasi yangu katika ikama ya jioni hii. Nawashukuru walimu wetu waliotufundisha fizikia kwa vifaa vichache na subira nyingi. Nawatakia vijana mtihani mwema.